Vidonge vya Rangi Mbili Njia Panda

Mwaka ule tumehamishiwa kijijini, nyumba bado zinanuka udongo mbichi, mke wangu Epifania akaugua tumbo, akalala wiki mbili. Zahanati walimpa vile vidonge vya rangi mbili, vyekundu na njano. Vikamtoa vipele, wakambadilishia sindano. Akapona. Sasa vilivyobaki unavifanyaje? Kwetu dawa ya mtu aliyepona hailali ndani. Unaipeleka njia panda alfajiri, unaimwaga, unarudi bila kugeuka. Ukigeuka, ugonjwa unakufuata mpaka mlangoni. Nikaona dawa ni dawa tu, ya mizizi au ya serikali.

Nikaenda. Ukungu ulikuwa mzito kama maziwa, hata miguu yangu siioni. Nikavimwaga njia panda ya kwenda Masumbwe, pale unapoanzia mfereji wa kushuka kisimani. Nikaanza kurudi, taratibu, kama mtu anayeota. Mara nyuma yangu vimiguu, tap, tap, halafu kimya. Nikasema, ndio wenyewe ugonjwa huo, unatembea. Shingo ikakakamaa. Nikayaona macho ya Epifania ya zile wiki mbili, makubwa, makavu.

Halafu kitu kikacheka.

Kicheko kile nakijua. Binti yetu Zipora, hata miaka mitatu hajatimiza, amenifuata.

Wajukuu zangu, nilisimama. Nilisimama sana, naona aibu kusema. Nikigeuka, mama anarudi kitandani. Nisipogeuka, je?

Nikageuka.

Nikarudi hatua chache, nikamwona: amekaa ndani ya ukungu kajitanda kanga ya mama yake, anapanga vidonge kama shanga. Kimoja kiko mdomoni! Nikakitoa kwa kidole, akaning'ata, alama hii hapa. Nikaokota vyote, hata vilivyoteleza mferejini, nikavipeleka zahanati kwenye kofia, mtoto begani.

Mganga Donatus akachungulia kofia. "Baba Zipora, ulikuwa unatibu vyura?"

"Nilikuwa natupa ugonjwa njia panda, pale penye mfereji."

"Mfereji ule unaenda wapi?"

"Kisimani."

"Anachota nani?"

Nikamsogezea kofia.

"Dawa ikibaki niletee mimi. Nina shimo langu mbali na maji. Nachoma, nafukia. Haya, nenda ukamwambie mkeo."

Nikamkuta anasaga, nikamweleza.

"Mayo, mama wee! Umegeuka?"

"Nimegeuka."

Akautazama mlango, mkono juu ya jiwe. Halafu akamchukua Zipora, akamnusa mdomo, akamfunga mgongoni.

"Basi na uje huo ugonjwa," akasema. "Utanikuta na mwanangu."

Akabeba mtungi, akashuka kisimani, ukungu ukawafunika wote wawili. Mimi nikakaa mlangoni, nausubiri ugonjwa, nimeshika fimbo. Wakarudi wao, na maji.