Bega la Mpita Njia

Mzee Taha alikuwa na ugonjwa ambao mkewe, Bi Zubeida, alisema hauna dawa. Hakuweza kumsikia mtu akiutaja mji mkuu bila kumuuliza, "Upi? Wa zamani au wa juzi?" Kwake yeye Nairobi ilikuwa kituo cha reli kilichobahatika, basi. Mombasa ndiyo Waingereza waliyoifanya makao ya serikali yao walipoingia, na kabla yao Wareno waliimwagia damu, Waarabu wakawatoa. Wote hao, alisema Taha, hawakuwa wapumbavu, maana hakuna anayegombea kitu kisicho na thamani. Aliyasema hayo dukani kwake Kisauni huku akipima mchele, na wateja walikwisha kuyazoea kama walivyolizoea joto.

Asubuhi hiyo alihitaji kuyasema vizuri kuliko siku zote, kwa sababu aliyekuwa akiyasikiliza angeweza kumtoa nyumbani mwake kabla ya usiku kwisha.

Msikilizaji mwenyewe ni Salem, mtoto wa marehemu kaka yake, Mbarak. Nyumba ya Kisauni, yenye baraza pana mbele na ua nyuma, Taha na Mbarak waliirithi pamoja kwa baba yao. Mbarak alipofariki, fungu lake likamwangukia Salem, ambaye mamake alimchukua kwenda Uingereza angali mtoto wa madrasa. Tangu mazishi, miaka mitatu sasa, kijana hakupiga simu wala kuuliza hali. Sasa amekuja mtu mzima, ndevu zimejaa, na tayari amekwisha kukubaliana na Bwana Mramba, tajiri wa Kiembeni anayetaka kuibomoa nyumba ajenge ghorofa. Taha hakuwa na cha kulinunulia fungu la mwenziwe, na fungu lile likishauzwa naye hatakuwa na budi kuliuza lake. Bwana Mramba angekuja baada ya Magharibi, Salem atie sahihi, mambo yaishe.

Kilichomuuma Salem hakikuwa siri. Alikisema siku ya kwanza alipofika, mbele ya sinia la wali.

"Mlimzika babangu mchana, ami, mimi nikaambiwa jioni. Hata ndege sikupewa nafasi ya kuipanda."

"Maiti hawekwi, mwanangu," Taha alimjibu. "Kumzika mapema ndiyo heshima yake."

Lilikuwa jibu la haki, na halikumsaidia mtu. Salem alinawa mikono akaenda kulala.

Basi Taha akaazimia kumwonyesha mji. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba mtu akiujua mji ule hawezi kuiuza hata shubiri moja ya ardhi yake. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono, akajipaka mafuta ya udi nyuma ya masikio, akamwita Erastus.

Erastus Oduor alikuwa mpangaji wao wa uani, yeye na mkewe Rosalia. Babake alikuja kutoka Siaya kufanya kazi ya reli, yeye akazaliwa Changamwe, na sasa anaendesha tuktuk ya rangi ya samawati aliyoipenda kama ng'ombe wa maziwa. Nyumba ikiuzwa, naye angefunga virago. Lakini hilo hakulitaja, alifuta tu kiti cha nyuma kwa kitambaa.

"Taha," Bi Zubeida aliita kutoka mlangoni, "mtoto yuna uchungu wa baba, nawe wenda kumponya kwa mawe?"

"Si mawe, mke wangu. Ni tarehe."

"Haya. Tarehe isimtie njaa." Akawapa mahamri ndani ya kitambaa.

Walivuka daraja la Nyali jua likiwa bado na adabu. Taha alifungua mdomo na hakuufunga. Alimpeleka Salem Ngomeni, akamsimamisha chini ya kuta nene za Wareno, akamweleza nani alimzingira nani, nani alikufa njaa ndani na nani aliingia kwa hila. Alieleza kwa mikono miwili, hata watalii wawili waliokuwa karibu wakadhani ni sehemu ya tiketi yao. Salem alimpiga picha paka aliyelala juu ya mzinga.

Akampeleka kwenye majengo ya zamani ya serikali, yenye roshani na nguzo, akasema, "Hapa ndipo hukumu ya nchi nzima ilipokuwa ikitoka, kabla hawajapandisha mafaili yao milimani."

"Hukumu ya nani, ami?"

"Ya Waingereza."

"Na pembe zile kubwa za ndovu, za bati, tulizozipita barabarani?"

"Zilijengwa kumlaki binti wa mfalme wao," alisema Taha, na kabla hajamaliza alijua amejikwaa.

"Kwa hiyo fahari yetu," alisema Salem, bila ubaya, "ni kwamba waliotutawala walipapenda?"

Taha alikohoa. Mtu aliyezoea kusikilizwa na wateja wake haulizwi maswali mengi. Akanunua kahawa ya tangawizi kwa mchuuzi wa mabuli, wakanywa, Salem akasema ni pazuri, kweli ni pazuri. Aliyasema kwa sauti ya daktari anayemsifu mgonjwa kwa kula uji.

Na pazuri palikuwa, Mungu ni shahidi. Msimulizi wenu ametembea miji kadhaa, na hajaona kwingine ambako fundi cherehani hukaa chini ya roshani ya miaka mia akakushonea kanzu huku akikuuliza hali ya mamako, wala ambako muadhini humaliza na mwenziwe wa mtaa wa pili akampokea, hata sauti ikauzunguka mji mzima. Taha aliyapita yote hayo bila kuyataja. Ameishi nayo mno, hayaoni. Yeye alikuwa akitafuta ukuta mwingine.

Alasiri waliporudi bara, ng'ambo ya daraja, alibakiwa na kitu kimoja cha mwisho, kengele ya Frere Town, iliyowekwa zamani za watumwa walioachwa huru. Alikuwa ameiweka akiba. Alishapanga na maneno, tena yenye machozi kidogo, na alikuwa akiyapitia kimoyomoyo pale Erastus aliposhika breki.

"Kuna nini tena?" Taha aliuliza kwa ukali. "Jua linatushinda, Erasto."

"Kuna maiti, mzee."

Kutoka kichochoro cha msikiti lilikuwa likitoka jeneza, limefunikwa kitambaa cha kijani chenye maandishi ya dhahabu, juu ya mabega ya wanaume waliokwenda mbio kidogo na kuitamka kalima kwa sauti moja. Taha alikwisha kushuka kabla hajajua kwamba ameshuka. Miguu yake ilikuwa na desturi yake, haikumwomba ruhusa. Muuza viazi karai alimwachia bintiye mwiko akavuka barabara. Mwenye duka la simu aliweka kiti mlangoni, ishara kwamba amefunga bila kufunga. Kinyozi alitoka, na mteja wake akatoka naye, upande mmoja wa ndevu umenyolewa na mwingine bado. Kila mmoja alikimbilia mbele, akaingiza bega, akachukua hatua chache, akampisha wa nyuma yake. Jeneza lilikuwa likielea juu yao, na hakuna aliyelishika kwa muda mrefu wala aliyeliacha.

Erastus alizima injini. Akavua kofia yake, akaitia mfukoni, akaingia naye, Mjaluo wa kanisa la Jumapili, bega lake likapokea mti wa jeneza kutoka kwa bega la mzee wa Kiyemeni.

Taha alipata zamu yake, akapishwa. Hapo ndipo alipomkumbuka mgeni wake. Aligeuka kumtafuta kwenye tuktuk, akaikuta tupu.

Salem alikuwa pembeni mwa barabara, anatembea sambamba na watu kama asiyejua kama ameruhusiwa. Mwanamume mmoja mwenye unga wa ngano hadi viwikoni, mtu wa tanuri la mikate, alimwona urefu wake na bega lake lililokaa bure. Hakumuuliza jina wala kwao. Alimshika mkono tu, akamvuta.

"Haya, sheikh, pokea."

Salem akapokea. Taha, aliyekuwa nyuma, aliona shingo yake ikikaza chini ya uzito, na kiatu chake cha bei kikiingia kwenye dimbwi bila kujali. Alipoguswa mgongoni ampishe mwingine, alipisha, akazunguka mbio akaingia tena. Akapishwa tena, akaingia tena. Watu walidhani ni mtoto wa marehemu, na mmoja akamwambia pole, na yeye akaitikia.

Maziarani alisimama na wenziwe, akachota udongo kwa mkono kama alivyoona wakichota, akaumwaga kaburini. Dua iliposomwa aliinua viganja. Watu walipoanza kutawanyika, kila mmoja akirudi kwenye karai lake na kinyozi wake, alimwendea Erastus.

"Ulikuwa ukimjua?"

"Nani? Marehemu?" Erastus alijipangusa jasho. "Zi, sikumjua. Nimemwona akipita."

Salem alimtazama Taha, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege hakumtazama kama mtu wa kesi.

"Babangu naye alibebwa hivi?"

Taha alikuwa na maneno ya kila kitu, ila ya hilo hakuwahi kuyaandaa, kwa hiyo yakamtoka kama yalivyokuwa.

"Mimi siku ile nina hasira nayo mpaka leo," alisema. "Nilimtoa ndugu yangu mlangoni, nikamshika hatua chache, watu wakaja. Watu nisiowajua, Salem. Makuli, wavuvi, watoto wa skuli na sare zao. Wakaninyang'anya. Kila nikitaka kurudi chini ya jeneza nasikia, 'Pisha, mzee, nasi tupate thawabu.' Mpaka kaburini sikumpata tena. Ndugu yangu wa tumbo moja, nikamfuata nyuma kama mgeni." "Sikukwambia, kwa kuwa miaka yote hii naona haya. Wewe hukupata kumbeba, nami niliyekuwapo sikumbeba."

Salem alikaa kwenye ukingo wa ukuta mfupi wa maziara akaweka uso viganjani, na udongo wa mtu asiyemjua ukamshika mashavuni. Alilia kwa sauti, mtu mzima, bila kujificha. Taha alikaa kando yake. Kengele ya Frere Town ilikuwa haiko mbali na hakuikumbuka. Erastus alisogea akajifanya anakagua gurudumu.

Simu ya Salem ilipolia, jua lilikuwa limefika kwenye vichwa vya minazi. Aliitazama, akajipangusa pua kwa mkono wa shati, akaiweka sikioni. Sauti ya Bwana Mramba ilikuwa kubwa, kila mtu aliisikia. Alikuwa amekwisha kutoka Kiembeni na wakili, akauliza wakutane nyumbani au dukani.

"Rudi, Bwana Mramba," alisema Salem. "Nyumba haiuzwi. Samahani, nimekusumbua bure."

Upande wa pili yalikuja maswali mengi kwa pamoja. Salem aliyasubiri yaishe.

"Siwezi kuzungumza zaidi leo. Nimefiwa. Ndiyo kwanza tunatoka kuzika."

"Lo, pole sana, ndugu yangu," ilisema sauti, imelainika ghafla. "Ni nani aliyefariki?"

Salem aliutazama udongo uliokuwa mkononi mwake.

"Babangu," alisema.