Viti vya Kuazima

Siku ya kwanza kazini walimpa kizibao cha rangi ya chungwa, kalamu mbili na kiapo. Kizibao kilikuwa kimevaliwa na watu wawili kabla yake na bado kilinuka jasho la huyo wa pili. Kalamu moja ilikuwa imekauka. Kipya kilikuwa kiapo peke yake, na kijana akakishika kama mtu aliyekabidhiwa hati ya nyumba.

Kazi yenyewe, waliyoiita ya mhudumu, ilikuwa kupita mlango kwa mlango akijaza fomu, ili ofisi ichague familia fukara za kupewa kadi. Mwenye kadi alipata unga na mafuta kila mwezi, na dawa bure zahanati. Kiapo kilisema asimwambie mtu yeyote, hata wa damu yake, vitu gani vinahesabiwa. Wenzake waliapa huku wakitafuna karanga. Yeye aliapa amesimama wima, na kabla wiki haijaisha walishambandika jina la Kanuni.

"Kanuni, leo umeshushia kanuni ngapi kwa chai?" walimtania walipomkuta mchana amejitenga, akijifanya hasikii njaa.

Njaa aliisikia sana. Malipo yao hayakuitwa mshahara, yaliitwa posho, maana mtu wa posho hana mdomo wa kudai. Ikitoka, ililipa chumba kimoja alichoishi na mama yake, mkaa na sabuni, ikakata pumzi kabla ya kufikia vidonge vya presha vya mama. Mama akawa anameza kimoja leo, kesho anaruka, akisema anakipa nafasi kifanye kazi. Alilisema hilo akicheka, na kicheko kile kilimchoma mwanawe kuliko kilio.

Ndiyo maana aliitaka kadi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Wala hakuona haja ya ujanja. Fomu alikuwa nayo kichwani, na chumba chao kilikuwa na godoro moja, jiko moja, na hakikuwa na kiti hata kimoja. Kwa mara ya kwanza ufukara wao ungewafaa kitu.

Zamu ya mtaa wao ilipofika, mama alimuuliza asubuhi hao watu wanakuja kutazama nini hasa. Kanuni akajibu ameapa, hasemi. Mama akasema haya, bwana mkubwa, tumboni mwangu ulikaa bila kuapa. Kisha akauliza kama angalau anaweza kujua nani anakuja. Hilo halikukatazwa. Kanuni akamwambia ni mkaguzi, mkubwa wake wa kazi, kwa sababu mhudumu haruhusiwi kuijazia nyumba yake mwenyewe.

Neno lililobaki kichwani mwa mama ni mkubwa wa kazi.

Adhuhuri Kanuni alifika na mkaguzi, akafunua pazia la mlango wao, akadhani amekosea nyumba. Palikuwa na makochi mawili yenye vitambaa vyeupe, meza ya kioo, zulia, redio kubwa. Mama alikuwa amevaa nguo yake ya kutokea, amesimama kama bibi harusi.

"Karibuni, wanangu, mketi. Leo mtoto wangu kaniletea mgeni."

Mkaguzi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alizama kwenye kochi akashusha pumzi ya uchovu. Kalamu yake ikaanza kutembea. Kochi. Kochi. Redio. Akauliza kama vitu hivi ni vya humu ndani.

"Vya nani tena?" mama akasema. "Mwanangu si anafanya kazi."

"Mama," Kanuni akasema kwa sauti ya chini, "sema kweli."

"Kweli gani? Usiniaibishe mbele ya mkubwa wako."

Mkaguzi akacheka kidogo. "Kanuni, hii ni nyumba yako. Huruhusiwi kuisemea. Si unajua kanuni?"

Mama akaweka dole gumba kwenye karatasi, akapangusa wino kwa madaha.

Nyumba iliyofuata, ukuta mmoja na yao, ilikuwa ya fundi cherehani, mwanamke mwenye wateja hadi mtaa wa tatu. Walimkuta chini sakafuni, kichwa amekifunga kitambaa, akiugua kama mwenye uchungu wa kuzaa. Chumba kilikuwa kitupu. Fomu hii ilikuwa ya Kanuni kujaza. Mkaguzi alipotoka kwenda kutazama choo, fundi akaacha kuugua.

"Mama yako aliomba viti tu," akanong'ona. "Meza, redio na zulia nilimpa mwenyewe, kwa hiari yangu. Mwenzako mmoja alinitajia mnachohesabu, nikamshonea suruali. Andika unachokiona, mwanangu. La sivyo mtaa mzima utajua mama yako anaazima heshima."

Mkaguzi aliporudi, Kanuni akapaza sauti bila kujizuia: "Viti vya hapa viko kwetu! Redio yake iko kwetu! Mama yangu hana kitu!"

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Majirani wakachungulia.

Mkaguzi alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. Akamwambia fomu yenye dole haifutwi, na kwamba mhudumu huandika anachokiona, haandiki anachokijua. Bado wana nyumba kumi na nne kabla ya jioni.

Kanuni akaandika: viti, hakuna. Redio, hakuna. Fundi akaweka dole.

Aliporudi jioni, chumba chao kilikuwa kitupu tena. Mama alikuwa ameyabeba makochi peke yake, moja moja, akipita mbele ya wale waliosikia. Akamwonyesha sufuria, akasema ale, yeye ameshakula. Kanuni akafunua. Chakula kilikuwa cha mtu mmoja, na hakikuwa kimeguswa.

Akaanza kujieleza: dawa, kadi, ile kalamu ya mkaguzi. Mama alimwacha afike mwisho.

"Mimi uliapa kutoniambia," akasema. "Wao ukawaambia kwa kupiga kelele."

Kisha akageukia ukutani, akalala.