Kidirisha Kilichovuta Shuka

Fundi saa alikuwa mtu wa kutaka kujua. Saa ikiletwa dukani kwake imesimama, hakuanza na koleo wala bisibisi. Alianza na maswali: ilisimama saa ngapi, nani alikuwa ameivaa, na alikuwa akifanya nini. Wateja wapya walidhani anawapeleleza. Wateja wa zamani walikuja na majibu tayari. Na kulikuwa na jambo moja alilojivunia mpaka mkewe akachoka kulisikia: kwa miaka ishirini na mitatu hakuwahi kumwambia mteja kitu asichokijua. Kama hajui, alisema sijui, niachie mpaka kesho.

Udadisi huo hakuuokota njiani. Aliurithi kwa mama yake, mwanamke wa miaka sabini na minne ambaye angeweza kumuuliza daktari maswali mpaka daktari akavuta kiti. Mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mama alipelekwa kliniki ya figo, akalala saa nne kando ya mashine ya kumsafisha damu. Wauguzi walimpenda sana, ila walimgawana kwa zamu, maana hakukuwa na mmoja aliyeweza kumjibu peke yake siku nzima.

Taabu haikuwa kliniki, ilikuwa njia. Tangu augue, tumbo la mama halikuvumilia mtikisiko wa injini wala harufu ya petroli. Teksi zote alizopanda alizitapikia, na madereva wawili wa kituo cha karibu walikuwa wakimwona kwa mbali wanajifanya wamelala. Ndipo fundi saa alipojikaza akanunua haibridi, gari dogo jeupe lililokwisha kutumiwa na wengine, lenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazopokezana kazi kama mke na mume wenye duka moja. Siku ya kwanza mama aliketi nyuma, akashika mfuko wake wa plastiki, akasubiri kichefuchefu. Hakikuja. Walipofika kliniki akauliza, "Kwani umeliwasha saa ngapi?"

Gari lile lilikuwa na mambo yake, na mengi walijifunza kwa aibu. Wiki ya kwanza fundi saa alifika nyumbani, akaegesha, hakusikia mlio wowote, akadhani limezimika. Akashuka kwenda kufungua mlango wa nyumba. Mara injini ikajiwasha yenyewe ili kuijaza betri, na kwenye usukani hakuna mtu. Mama, aliyekuwa bado ndani, hakupiga kelele. Alishusha kioo, akauliza kwa sauti yake ya kila siku, "Na huyu anayeendesha ni nani?"

Tangu hapo fundi saa akajiwekea sheria. Ukimya si kuzimika. Kuna taa ndogo ya kijani mbele ya usukani. Ikiwa inawaka, gari liko tayari kuondoka hata kama liko kimya kabisa. Bonyeza kitufe, ngoja taa ife, tia ufunguo mfukoni, ndipo ushuke. Akajifunza pia kurudi nyuma taratibu huku akigusa honi kidogo, kwa sababu watu wa uchochoroni hawakulisikia likija. Jirani yao mshona viatu aliwahi kugeuka akalikuta limefika nyuma ya magoti yake, na hakumsalimu fundi saa kwa siku nne.

Mama naye alikuwa na maswali yake. Kando ya kiti cha nyuma, upande aliopenda kuegemea, palikuwa na kidirisha cha plastiki chenye mbavumbavu, ukubwa wa kiganja.

"Hiki ni cha nini?" aliuliza siku ile ile ya kwanza.

Fundi saa alikuwa kwenye makutano, anatafuta nafasi ya kupita. "Spika hiyo, mama. Ya redio."

"Spika gani inayovuta? Inanivuta shuka."

"Mama, hebu tulia, nisije nikagonga mtu."

Mama akatulia. Hakuuliza tena.

Miezi mitano ilipita vizuri. Kisha msimu wa joto ukaingia, na gari likaanza visa. Jumatatu moja, wakirudi kutoka kliniki, taa nyekundu yenye umbo la pembetatu iliwaka, na gari likaishiwa nguvu kama mtu aliyepewa habari mbaya. Likajikokota mpaka nyumbani. Asubuhi yake likaamka zima, halina hata dalili. Wiki iliyofuata likarudia mara mbili.

Fundi saa akalipeleka kwa fundi magari wa mtaani, aliyeitwa Sikio. Jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa akisimamisha bisibisi ndefu juu ya injini, anaweka sikio kwenye mpini, na baada ya nusu dakika anakwambia kilichoharibika, pengine na aliyekiharibu. Siku hiyo aliinama juu ya gari jeupe, akafumba macho, akasikiliza.

"Liwashe basi," alisema.

"Limewaka."

Sikio akafumbua macho. Akahamisha bisibisi upande wa pili, akasikiliza tena, na uso ukamwiva kidogo. Lakini hakuwa mjinga. Alizionyesha nyaya nene za rangi ya chungwa zilizopita chini ya boneti, akarudi hatua moja. "Hizo mimi sizigusi, na wewe usithubutu. Umeme wake hauna utani. Nionavyo, betri kubwa imekwisha. Liuze kabla halijakufia njiani. Nina binamu yangu anayeyachukua magari ya namna hii, atakuja Jumamosi asubuhi kuliona."

Jumatano ndiyo iliyowavunja moyo. Gari liliishiwa nguvu katikati ya mwinuko, juu ya kichwa jua kali, nyuma yao foleni ya watu wenye hasira. Wapita njia walisaidia kulisukuma pembeni. Mama alikuwa ametoka kwenye mashine, amelegea, shuka imefika kidevuni ingawa kila mtu mwingine alikuwa akitokwa jasho. Walikaa pale saa nzima wakingoja lipoe.

"Mwanangu," mama alisema, "liuze tu."

"Nitaliuza Jumamosi. Halafu tutatafuta njia nyingine."

"Njia nyingine ipi? Nikatapike kwenye magari ya watu? Liuze, na mimi uniache nipumzike. Hizi safari zimetosha."

"Na kliniki?"

"Nimesema zimetosha."

Mama hakuuliza swali lolote njia nzima iliyobaki, na hilo ndilo lililomtisha mwanawe kuliko taa nyekundu. Muuguzi alishamwambia bila kuzunguka: mama akiacha mashine, siku zake zitakuwa za kuhesabu. Fundi saa aliogopa. Aliogopa kama mtoto, na hakuwa na wa kumwambia isipokuwa mkewe, naye mkewe alikuwa akiogopa vilevile.

Alhamisi alikuwa dukani, saa ya mteja iko wazi mbele yake, lakini mikono haikwenda. Akafungua daftari anamoandika tabia za saa sugu. Akapindua ukurasa mpya, akaandika "gari", akajiuliza yale anayowauliza wateja. Lilisimama lini? Mara nne. Saa ngapi? Mara zote alasiri, wakirudi. Nani alikuwamo? Yeye na mama. Akakumbuka kwamba Jumanne aliupanda mwinuko ule ule saa zile zile za alasiri, amepakia makasha manane ya saa za ukutani, uzito unaomzidi mama mara mbili, na gari halikukohoa.

Akaweka kalamu chini. Betri iliyokufa haichagui abiria.

Mkewe, mwalimu wa hesabu, aliporudi kutoka shuleni alimkuta mlangoni ameshika shuka ya mama.

"Leo utaendesha wewe," fundi saa alisema. "Mimi nitakaa nyuma."

"Kwa nini?"

"Sijui bado."

Alikaa mahali pa mama, akaegemea upande anaoegemea mama, akajifunika mpaka kidevuni. Mkewe akamtazama kwenye kioo. "Nikupeleke wapi, bibi?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza wiki ile wakacheka wote wawili.

Waliupanda mwinuko mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya pili, kwenye jua, fundi saa alihisi shuka ikitembea. Upindo wake ulisogea polepole kwenye kile kidirisha cha mbavumbavu, ukabandikana hapo. Akauvuta, ukagoma kidogo, kisha ukaachia. Akaweka kiganja. Hewa ilikuwa inaingia ndani, na nyuma ya plastiki feni ndogo ilikuwa ikilia kwa sauti nyembamba.

"Umewasha redio?"

"Redio gani? Hii haijawahi kushika hata stesheni moja tangu tulinunue."

Fundi saa akakitazama kidirisha. Spika gani inayovuta, mama alikuwa ameuliza. Damu ikampanda usoni, na si kwa sababu ya joto la shuka.

Hakukifungua palepale, maana hakujua anachofungua. Walivuka mji mpaka kwa fundi mmoja mwanamke aliyetengeneza haibridi tu, mwenye glavu nene za mpira na kompyuta iliyojaa alama za vidole. Mwanamke yule alisikiliza maelezo yote, akaitikia kwa kichwa.

"Hiyo ni pua yake," alisema. "Betri kubwa iko chini ya hicho kiti. Ikifanya kazi inapata joto, na feni inavuta hewa ya ndani ya gari kuipoza. Ukiiziba pua, joto linapanda, gari linajipunguzia nguvu lisijiunguze. Hicho kifuniko unaweza kukisafisha mwenyewe, gari likiwa limezimwa. Ukiona rangi ya chungwa, hapo umefika kwangu."

Fundi saa aliomba afanye mwenyewe. Alihakikisha taa ya kijani imekufa, akabandua kifuniko, akatoa brashi yake ya kusafishia saa. Nyuma ya mbavu za plastiki alikuta utando umeshikana kama kipande cha blanketi. Ulikuwa nyuzi za sufu, za kijivu. Aliushika kwenye kiganja kwa muda mrefu. Yule mwanamke akachomeka kompyuta yake, akasoma, akasema betri ingali na maisha marefu na iache kusingiziwa.

Fundi saa alimpigia Sikio kumwambia binamu asije. Sikio aliuliza lilikuwa na nini, na alipoambiwa akasema, "Kumbe lilikuwa linaongea nyuma."

Ijumaa mama alikubali kwenda kliniki kwa shingo upande. "Kwa leo tu," alisema, "kwa kuwa umelipeleka kwa fundi." Wakati wa kurudi, jua likiwa kali, waliukaribia mwinuko, na fundi saa alihesabu kila mita moyoni. Gari likapanda, likafika juu, likaendelea.

"Lilikuwa na nini?" mama aliuliza kutoka nyuma.

Alikuwa amejiandaa. "Vumbi tu, mama."

"Vumbi la rangi gani?"

Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Akatazama kioo. Mama alikuwa ameinama anavua soksi moja ya sufu, imeshaanza kuvuka kisigino, mkono umesimama hapohapo.

"La kijivu," alisema.

Mama akaitazama soksi yake. "Baridi ilikuwa inaingia pale," alisema taratibu. "Nikitoka kwenye ile mashine nasikia baridi mpaka kwenye mifupa. Nilikuwa naichomeka soksi, halafu naivaa tukikaribia nyumbani, usije ukanisema. Kumbe ni mimi. Nusura niwaulie gari lenu kwa mkono wangu."

Sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ambayo mwanawe hakuwahi kuisikia. Fundi saa akaweka gari pembeni, akawasha taa za tahadhari, akabonyeza kitufe, akangoja mpaka taa ya kijani ilipokufa. Kisha akashuka, akaingia nyuma, akakaa kando yake.

"Uliniuliza siku ya kwanza," alisema. "Nikakujibu ni spika. Sikuwa najua, mama. Nilisema chochote ili unyamaze."

Mama alimtazama. "Miaka ishirini na mitatu hujamwambia mteja usilolijua."

"Ndiyo, mama."

"Mimi si mteja."

"Hapana. Nisamehe, mama."

Kisha akamweleza yote aliyoambiwa na yule fundi mwenye glavu, kwamba ile ni pua ya betri. Magari mengine yalipita yakiwatikisa. Mwishowe mama akanyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye kidirisha, vidole vimetawanyika.

"Kwa hiyo hii ni pua."

"Pua."

"Na ikishavuta, hewa inatokea wapi?"

Fundi saa akafungua mdomo. Jibu moja lilimjia haraka, la kueleweka, pengine hata la kweli. Akalimeza.

"Sijui, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Akavuta soksi mpaka juu ya kifundo cha mguu, akajifunika shuka, akaisogeza mbali na kidirisha.

"Basi tutamwuliza huyo fundi wako mwenye glavu," alisema. "Jumatatu, tukitoka kliniki."