Kwa Starehe Zaidi

Wanaonijia nyumbani na matunda na macho mekundu huwa nawauliza swali moja kabla hawajaketi: gari lako lina kitabu chake cha maelekezo? Wengi hawajui. Mmoja alisema kipo, amekikunja kuzuia dirisha la jikoni lisigongegonge. Basi nawaambia waende wakakisome kwanza, ndipo warudi kunililia, maana machozi ya bure nimeyachoka.

Mume wangu ni mwalimu wa udereva. Nataka hilo lijulikane mapema. Ni mtu wa kumfokea mwanafunzi kwa kusahau kioo cha pembeni, na hata akipanda gari la mwenzake mguu wake unakanyaga breki isiyokuwepo. Tulipokwenda kununua gari letu, muuzaji hakuhangaika kutuonyesha injini. Alivuta kishikio kidogo ubavuni mwa kiti cha abiria, kiti kikalala chote. Akasema mama akichoka anajilaza tu, yuko chumbani kwake kabisa. Mume wangu alicheka kwa furaha, na muuzaji akajua hapo biashara imekwisha.

Siku ya ajali tulikuwa tunatoka kumsaidia wifi yangu kuhamia nyumba mpya, na mimi nilikuwa hoi kwa kubeba masanduku. Tulipoingia barabara kuu mume wangu alivuta kile kishikio kwa mkono wake mwenyewe. "Jilaze, mke wangu," akasema. "Ukifumbua macho tumeshafika." Nikafunga mkanda kama mtu mwenye adabu zake, nikalala. Lori lililokuwa mbele yetu likasimama ghafla, na sisi tukalivaa kwa nyuma. Wala hatukuwa na kasi. Yeye alitoka na mdomo uliopasuka. Mimi niliteleza chini ya mkanda, mkanda ukapanda kutoka nyongani ukaninasa tumboni, na mgongo ukavunjika. Kuanzia kitovuni kwenda chini nimebaki kuangalia tu, kama mali ya mtu mwingine.

Daktari wa upasuaji ndiye wa kwanza kuuliza kama kiti kilikuwa kimelazwa. Alisema ameshaona wengine wa namna yangu. Mkanda umetengenezwa kwa mtu aliyekaa, akanieleza. Aliyelala hupita chini yake na mkanda wenyewe humkata. Maneno machache tu, na mtoto wa shule angeyaelewa. Mama mkwe alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. Alimsikiliza daktari mpaka mwisho, kisha akasema ndiyo hayo, mwanamke gani analala fofofo mume akihangaika na usukani.

Polisi walipoturudishia vitu vilivyokuwa garini, kitabu cha maelekezo kilikuwemo, bado kimefungwa kwenye nailoni yake kama kilivyotoka kiwandani. Niliichana nailoni hiyo mwenyewe, nimelala chali, wodi nzima imesinzia baada ya chakula cha mchana. Nilipita kurasa za redio, nyingi ajabu. Nilipita maelezo ya kuosha zulia. Kisha, chini ya maelezo ya mahali pa kuwekea kikombe, kwa herufi za kubanana, nikakuta hivi: "Kwa starehe zaidi, inashauriwa kiti kisilazwe sana gari likiwa katika mwendo." Basi. Hakuna mkanda, hakuna mgongo, hakuna kufa. Kwa starehe zaidi! Nilicheka mpaka muuguzi akaja kuniangalia kama nimechanganyikiwa.

Nikaishtaki kampuni. Watu walinong'ona kwamba ninataka utajiri, na mimi sikujisumbua kuwajibu. Nilitaka fidia ya kumlipa muuguzi na kununua kiti cha magurudumu kinachojiendesha, niache kubebwa. Kwa sababu mume wangu ndiye anayenibeba. Ananitoa kitandani, ananipeleka chooni, ananisubiri, ananisafisha, ananirudisha. Hajawahi kulalamika, na nilimpenda kwa hilo, na nilichukia kila dakika yake.

Shauri lilisikilizwa kwenye baraza la madai, ghorofani, jengo lisilo na lifti. Wakili wangu alikuwa binti mdogo mwenye ulimi wa wembe. Alimsimamisha mhandisi wa kampuni na kumbana mpaka akatoa siri: walikuwa na taarifa za majeruhi wa viti vilivyolazwa, na onyo refu, lenye picha, liliandikwa, lakini watu wa mauzo walilikataa kwa kuwa linatisha wateja. Mwenyekiti wa baraza, mama mtu mzima, alimwomba arudie. Akarudia huku akitazama viatu vyake. Niliona mwenyekiti akitikisa kichwa kwa kusikitika, na moyo wangu ukafanya kosa la kufurahi.

Wakili wa kampuni nilimpa jina la Bwana Pole, kwa kuwa hakuweza kusema na mimi bila kuanza na pole. Tulipopumzika kunywa chai nilimwona ukumbini na mume wangu, amemwekea mkono begani. Nikadhani anampa pole na yeye. Mume wangu aliporudi hakugusa chai yake, na nilipomuuliza alisema tumbo linamsumbua.

Kisha Bwana Pole akamwita yeye kuwa shahidi wa kampuni. Wakili wangu alinigeukia, na mimi nikamgeukia mume wangu. Mume wangu akala kiapo. Akaulizwa kama alikisoma kitabu cha maelekezo. Akasema alikisoma chote siku ile ile tuliyonunua gari, ni desturi yake kama mwalimu. Akaulizwa kama alikutana na onyo la kiti, na kama alilielewa.

"Nililielewa," akasema. "Nikamwambia mke wangu kwamba akilala, mkanda hautamshika. Hakunisikia. Alikilaza mwenyewe."

Alisema kwa uso mkavu, kwa sauti ile ile anayofundishia kona na mataa. Nilipaza sauti kwamba ni uongo, kwamba kitabu kilikuwa kwenye nailoni, kwamba nailoni niliichana kwa mikono yangu. Bwana Pole akasimama taratibu.

"Pole sana, mama. Nani alikuona ukiichana?"

Hakuna aliyeniona. Wagonjwa walikuwa wamesinzia, orodha ya polisi ilisema kitabu tu, na nailoni ilikwenda na takataka za wodi. Wakili wangu alimhoji mume wangu kwa ukali mpaka jasho likamtoka, lakini hakubadilisha neno. Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma uamuzi: onyo halikuwa zuri, angependa kampuni ilitazame upya, lakini katika shauri hili lilisomwa, lilieleweka, na mlalamikaji aliambiwa kwa mdomo akapuuza. Madai yametupwa. Bwana Pole alikusanya karatasi zake, akapita kwangu, akasema pole.

Ukumbi ulipobaki mtupu, mume wangu alichuchumaa mbele yangu. Alisema Bwana Pole alimweleza kwamba dereva anayemlaza abiria ni mzembe kisheria, na mwalimu mzembe hunyang'anywa kibali. Angefungwa pengine. Aliniuliza tungekula nini. Aliniuliza nani angenihudumia kama yeye angekuwa ndani.

"Nilikufikiria wewe," akasema.

Nilimwangalia mtu huyu ambaye alinilaza kwa mkono wake, kisha akaapa kwamba nilijilaza. Nilimchukia kiasi cha kuhisi joto mpaka kwenye vidole vya mikono, maana vya miguu havihisi tena. Nilitaka kumwambia aondoke asirudi. Nikageuka kumtafuta wakili wangu, lakini alikuwa ameshateremka kwenda kutafuta wa kubeba kiti changu cha magurudumu, na ngazi zile zilikuwa zinanisubiri, ndefu na nyembamba.

Akapitisha mkono mmoja chini ya magoti yangu na mwingine nyuma ya mgongo, kama afanyavyo kila siku, akaninyanyua.

"Nishike vizuri," akasema. "Usije ukaanguka."

Nikamkumbatia shingoni kwa mikono yote miwili, tukaanza kushuka.