Faini ya Kuchelewa

Mzee Hezekiah Kipngetich alifika Subukia saa nane kasoro robo, mapema kuliko wote, maana dada yake mdogo Cheptanui alipomwalika kuja kutoa ushauri alikuwa amemwonya kwenye simu kwamba chama chao cha akina mama cha kukopeshana hakichezewi. Ukichelewa, shilingi hamsini. Simu ikilia, hamsini. Ukishalipa, jambo limeisha, na atakayelitaja tena analipa yeye. Mwenye kukusanya faini hizo ni Cheptanui mwenyewe, na jamani, huyo mama hajawahi kumsamehe mtu hata senti.

Hezekiah alikuwa mtu mkubwa. Miaka tisa alikaa kwenye ile kamati ya benki kuu inayopanga riba ya nchi nzima, wazee wenye tai ambao wakikohoa mara moja tu, mikopo inapanda bei kutoka Gilgil hadi Lodwar. Sasa amestaafu, anaishi Milimani na kuku watatu anaowahutubia kila asubuhi. Maisha yalikuwa yamemkalia vizuri, tusimwonee. Kilichomkosesha raha kilikuwa kimoja. Miaka kumi na miwili iliyopita, Cheptanui alikopa benki akanunua mashine ya kusaga unga. Riba ikapanda, ikapanda tena, mashine ikapigwa mnada. Tangu siku hiyo dada alimkaribisha, alimpikia, hata utani walitaniana, lakini habari ya mashine haikuguswa. Naye Hezekiah, msomi mzima, hakupata mdomo wa kuitaja. Riba ile ilipopigiwa kura, mkono wake ulikuwa juu.

"Mtaalamu wetu ndiye huyu!" alitangaza Immaculate, mwenyekiti, akina mama walipotimia. Kisha akaeleza shida. Viwavi walikuwa wamekula mahindi, na wanachama walikuwa wanachelewa kurudisha mikopo ya chama. Yeye alitaka riba itoke asilimia kumi iende ishirini. "Wakisikia uchungu watalipa. Si ndiyo, mzee? Hata nyinyi huko juu mlikuwa mnafanya hivyo."

Akina mama ishirini na watatu wakamgeukia. Cheptanui alikuwa kando na daftari lake na kopo la faini, macho chini. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi, chai ingeletwa na kila mtu angeenda zake. Akisema hapana, wangemuuliza kwa nini, na yeye alijua jibu lilikuwa limekaa pale kando na daftari.

"Riba ni dawa nzuri," alianza. "Pesa zikiwa nyingi mikononi na vitu ni vichache, watu wanavipigania, bei inapanda. Hapo pandisha riba, watu watatulia. Lakini hebu niambieni, ni kiwavi gani aliwahi kuogopa riba?"

Wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kuna mwaka mvua ilikataa. Unga ukapanda bei. Sisi tukaangalia makaratasi, hakuna aliyechungulia dirishani. Tukapandisha riba, mara ya kwanza, mara ya pili. Mvua haikuja. Walioanguka ni watu wenye mikopo, na hawakuwa wamekosea chochote. Mmoja alikuwa na mashine ya kusaga unga hapo chini sokoni." Akamgeukia dada yake. "Mkono wangu ulikuwa juu, Cheptanui. Nilikosea. Na nilijua nimekosea kabla mashine haijauzwa, nikanyamaza. Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Mama aliyekuwa anamenya karanga aliacha.

"Kwa hivyo ibaki kumi?" Immaculate akauliza, polepole sasa.

"Ibaki kumi. Waongezeeni miezi mpaka wavune tena."

Mikono ikainuka, hoja ikapita. Cheptanui peke yake hakuinua wake. Alikuwa anaandika. Alipomaliza, akamsogezea ndugu yake kopo.

"Hamsini."

"Hamsini ya nini? Mimi nilifika kabla yenu wote!"

"Umechelewa miaka kumi na miwili."

Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko. Hezekiah alipapasa mfukoni, akatoa noti ya mia. "Weka yote, usinirudishie."

"Chama hakipokei hongo," Cheptanui alisema, akamhesabia hamsini yake. Ndipo akamtazama usoni, na macho yake yalikuwa na machozi. Hezekiah alisikia furaha ikimpanda kifuani, furaha ambayo mshahara wa benki kuu haukuwahi kumpa hata mwisho wa mwezi.

Chai ikaletwa. Immaculate, ambaye ulimi haumkai mdomoni, akamwinamia jirani yake. "Kumbe ile mashine ya Cheptanui ndivyo ilivyo—"

"Immaculate," alisema Cheptanui, akifungua kopo, "hamsini."