Binamu wa Kangaga

Pale ofisi ya misitu walimwita Mama Kivuli, na wala si kwa mapenzi. Miaka kumi na tisa alilinda korongo moja la mlimani, na wimbo wake ulikuwa huo huo: msikiguse kivuli. Chini ya miti ya korongo lile ilitambaa mimea midogo, binamu wa kangaga, yenye buluu inayometameta kama shingo ya tausi. Sasa wenye mashine za kokoto walilitaka korongo. Mkaguzi angekuja: akiiona buluu, korongo hifadhi, asipoiona, kokoto.

Mkuu wa ofisi akashika kiuno, akasema pale pana giza, mgeni ataona nini? Akaamuru matawi yakatwe. Mama Kivuli akamweleza taratibu kwamba buluu ile huishi kivulini, jua likiipiga, majani hubaki kijani kama mchicha. Mkuu akamuuliza amesomea wapi. Haya, mwenye nguvu mpishe. Matawi yakaanguka.

Kwa uchungu, mama wa watu akachimbua vichipukizi vichache akavipanda nyuma ya choo cha ofisi, penye kivuli na bomba linalovuja. Aliwahi kuandika barua tatu kuhusu bomba lile. Sasa alimshukuru Mungu kwamba hakuna aliyezisoma.

Mkaguzi alifika baada ya miezi miwili. Korongo zima jua tupu, mimea kijani kibichi. Mkuu, jasho likimtiririka, akamshauri mgeni avue miwani. Mgeni akavua, akatazama, akavaa tena. Kisha akauliza choo kiko wapi.

Alikawia huko. Aliporudi macho yamemtoka, akataka kujua nani kapanda ile buluu. Moyo wa Mama Kivuli ukaruka kwa furaha. Akamweleza yote, tangu korongo hadi panga, na mkaguzi akaandika kurasa mbili, akasema ameelewa kabisa.

Uamuzi ulikuja na mihuri mitatu. Choo kimekuwa hifadhi: marufuku kuingia, marufuku kuziba bomba, mlinzi ni Mama Kivuli. Korongo, kwa vile halina buluu, wapewe watu wa kokoto.

Alilia mbele za watu, hakujificha. Bado anapangusa machozi, mkuu akaja mbio, magoti kayabana, mkono kaunyoosha, anaomba ufunguo.

“Nenda korongoni, mkuu,” akamwambia. “Kule siku hizi kuna mwanga wa kutosha.”