Karata ya Mfagizi

Kila Jumapili baada ya ibada, Wanjala alipita kwa Elisée na mdogo wake Gentille, kwenye nyumba yao ya kupanga huko ughaibuni, mtaa wa Phillips, akiwa na boksi la karata kwapani. Wanjala alikuwa nesi, Mkenya. Elisée, Mkongo, alikuwa mpakiaji wa mizigo katika ghala moja mjini Eden Prairie hadi vidole vyake vilipoanza kuangusha vitu.

Katika mchezo ule kila mtu huanza na karata kumi dhaifu, hununua zenye nguvu mezani na kuzichanganya na zake, kisha kila zamu huvuta tano. Wanjala alikimbilia Majenerali na Majoka. Elisée alinunua Mfagizi, karata ya bei ya chini isiyopiga mtu. Kazi yake ni kukutupia nje karata mbovu moja, isirudi tena.

"Hiyo hata watoto huiruka, bana," Wanjala alicheka.

"Ngoja kwanza."

Kufikia katikati ya mchezo, Elisée alibaki na karata chache tu. Jenerali wake mmoja alirudi mkononi karibu kila zamu, huku Majoka ya Wanjala yakizama kwenye karata mbovu. Alishinda Jumapili tatu mfululizo. Gentille hakuwa amemsikia akicheka vile tangu daktari autaje ugonjwa wake: mishipa ya fahamu inakufa, mikono kwanza, halafu miguu, halafu ulimi.

Theluji ilipoyeyuka, Gentille ndiye aliyemshikia karata. Majani yalipoanza kupukutika, sauti ikakatika. Kufumba jicho mara moja kukawa ndiyo.

"Wewe ni nesi," Gentille alimwambia Wanjala mlangoni. "Kweli hakuna dawa?"

"Iko ya kupunguza mwendo wa ugonjwa tu, dada. Na anaimeza."

Jumapili moja ya Novemba zamu ya Elisée ilifika, akamkodolea Gentille macho. Gentille akamwonyesha karata moja moja. Hakufumba. Akamwonyesha za mezani. Hakufumba. Machozi yakaanza kumtoka.

"Yaya, kaka yangu, ni maji? Mgongo? Unaumwa wapi?"

Wanjala alimgeuza, akarekebisha mto, akakagua mpira wa kupumulia. Macho ya Elisée hayakumwacha Gentille. Gentille akachukua ubao wa herufi waliopewa hospitali, akapitisha kidole. Elisée alifumba kwenye K. Wakaanza upya, akafumba kwenye A. Halafu akachoka, akalala.

Alipoamka walimletea tena ule ubao. Hakuutazama.

Alifariki siku kumi na moja baadaye. Wanjala anaamini alikuwa akisema karata, kwa kuwa ilikuwa zamu yake. Gentille huitikia kwa kichwa. Akiwa peke yake hujaribu mengine: kanisa, Kalume rafiki yao wa kambi ya wakimbizi, kabla. Halafu hufika kwenye kaa, yaani keti, na kukumbuka kwamba mchana wote ule yeye mwenyewe alikuwa amesimama.